Spinachi ya Maine: umeipanda msimu wa lengalenga, ndo maana imekimbilia maua

Swali: "Shikamoo bwana shamba. Mimi niko Portland, Maine, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Mwenye nyumba ameniruhusu kuweka boksi la mbao la futi 4 kwa 8 nyuma ya nyumba, nikalijaza udongo wa kununua. Mwaka huu nilipanda lengalenga (mchicha) na spinachi siku moja, mwanzoni mwa Juni, baridi ilipoisha kabisa. Lengalenga imekuja mpaka nagawia majirani. Spinachi ikatoa majani matano sita madogo, katikati ikarefuka ikatoa maua, na majani yenyewe machungu. Julai nikapanda mbegu zilizobaki, zimeota tatu tu. Watu wanasema spinachi ni mboga ya baridi na huku ni baridi, sasa mbona inanikatalia? Ni mbegu, ni udongo, au nakosea mahali? Nipande lini?"

Marahaba dada yangu. Mbegu za Juni zilikuwa nzima, manake ziliota. Udongo nitaurudia huko mbele lakini sio mshitakiwa wa kwanza. Kilichokuangusha ni kalenda: umepanda siku moja mboga mbili ambazo hazikai msimu mmoja. Na umeuliza wakati mzuri sana, saivi ndo Agosti inaanza, kwahiyo mwaka wako haujapotea, msimu wa spinachi ndo kwanza unafunguka.

Hao waliokwambia spinachi ni mboga ya baridi wamekwambia nusu ya ukweli, nusu nyingine ni mwanga. Ulivyokuwa Nyarugusu mchana ni masaa 12 mwaka mzima, ukizidi au kupungua ni dakika chache ambazo hata huzioni. Portland iko karibu nyuzi 44 kaskazini ya ikweta, mwisho wa Desemba mchana haufiki hata masaa 9 na mwisho wa Juni unafika kama masaa 15 na nusu, si unaona watoto wanagoma kulala kwasababu saa 2 usiku jua bado liko nje. Sasa spinachi inaupima huo mchana. Ukishapita masaa 13 au 14 hivi, inategemea na aina, mmea unajua kiangazi kimefika na kazi iliyobaki ni kuzaa mbegu, basi unaachana na habari ya majani, unanyanyua bua katikati, majani mapya yanachongoka kama ncha ya mshale, ladha inageuka uchungu. Joto, kiu na miche kubanana vinaharakisha tu, ila kinachoamua hasa ni mwanga, ndo maana hata mwaka ambao Juni imekuwa ya mvua na ubaridi bado spinachi inakimbilia maua palepale. Wewe umesia mwanzoni mwa Juni, mchana umeshavuka masaa 15, yaani mche umetoka ardhini ukakuta umeshachelewa. Hata ungemwaga mbolea ya aina gani usingeuzuia.

Na kama uliona mingine imewahi kutoa maua kuliko mingine usidhani ni ugonjwa, spinachi ina miche dume na miche jike, na dume ndo hutangulia.

Ya Julai ni kesi nyingine kabisa. Mbegu ya spinachi haipendi udongo wa moto. Udongo ukiwa na nyuzi joto 10 za Selsiasi karibu mbegu zote zinaota, japo zinachukua kama siku 12. Ukifika nyuzi 25 zinawahi kuota, siku tano tu, lakini mara nyingi hata nusu hazitoki, na kwenye 35 hazioti kabisa, na boksi la mbao lililo juani mchana wa Julai udongo wake wa juu unachemka kuliko unavyofikiria kwasababu unapata joto toka juu na toka ubavuni. Wakati huohuo lengalenga hapo ndo inafurahi. Hizi mboga ni ndugu, familia moja kabisa pamoja na kiazi sukari, lakini mmoja katoka nchi za joto na mwingine asili yake ni upande wa Uajemi, kule majira ya baridi ni baridi kweli.

Kabla sijaingia kwenye tarehe nikuulize kitu. Spinachi unayoitamani ni ipi? Kwasababu ile ya masokoni kwetu, Tanzania na Kenya, yenye jani kubwa la kung'aa na bua nene jeupe, ile unachuma wiki baada ya wiki miezi na miezi, mara nyingi ni mmea mwingine, mbegu yake huku inauzwa kwa jina la Swiss chard na aina tuliyoizoea ni Fordhook Giant. Kama hiyo ndo unaitafuta basi kazi ni nyepesi mno, unapanda mwisho wa Aprili au Mei, inavumilia kiangazi cha Maine bila kutoa maua, unachuma mpaka baridi kali ya Novemba. Ila kama unataka spinachi yenyewe, ile laini yenye majani madogo wanayouza kwenye mifuko dukani, na ukishaonja iliyopigwa na baridi hutaki tena ya dukani, endelea kusoma.

Sasa tarehe. Kwa Portland una nafasi tatu kwa mwaka na nitaanza na iliyo karibu. Ya kwanza ni hii ya Agosti. Barafu ya kwanza ya alfajiri kwa upande wenu mara nyingi inakuja kwenye siku za mwanzo au katikati ya Oktoba, bondeni huwahi zaidi na karibu na bahari huchelewa. Unahesabu kurudi nyuma wiki sita mpaka nane, unapata toka wiki ya kwanza ya Agosti mpaka kama tarehe 25 hivi. Mchana umeanza kufupika, katikati ya Agosti ni masaa 14 na unashuka kila siku, ukifika Septemba mosi ni 13 na kidogo, kwahiyo mche unakua huku unaambiwa baridi inakuja na sio kiangazi kinakuja, unatulia unatoa majani. Tatizo la Agosti linabaki moja tu ambalo umeshalionja Julai: udongo wa moto.

Hilo lina dawa. Chukua karatasi ya jikoni ilowanishe, ikamue isibaki inachuruzika, tandaza mbegu, kunja, weka kwenye mfuko wa plastiki uingize kwenye friji, sio kwenye friza, uache kama wiki moja. Kila baada ya siku mbili chungulia. Ukiona zimeanza kutoa kincha cheupe peleka ukapande hapohapo, taratibu usikivunje. Jioni ya siku unayopanda mwagia boksi maji mengi mpaka yashuke chini, pandia jioni jua likishalala, weka mbegu kina cha sentimita moja au moja na nusu, fukia, alafu funika mstari kwa ubao au gunia. Ubao unazuia jua na unatunza unyevu. Kuanzia siku ya tatu funua kila asubuhi uangalie, ukiona hata miche miwili imeinua udongo ondoa ubao siku hiyohiyo, ukiuacha inakuwa mirefu myembamba ya manjano. Kama una kitambaa cha kivuli au hata shuka jepesi, liwambe juu kwa vijiti wiki mbili za mwanzo lipunguze jua la mchana. Na panda nene kidogo kuliko kawaida, Agosti usitegemee zote zitoke.

Hiyo utaanza kuichuma katikati au mwisho wa Septemba na utaenda nayo mpaka Novemba. Usiogope barafu ya kwanza. Asubuhi utakuta majani yameganda yamekaa kama yamekufa, usiyaguse, usichume, ukiyashika yakiwa yameganda yanaharibika. Subiri saa nne saa tano jua liyapige, utaona yanainuka yenyewe kama hakuna kilichotokea. Na kuanzia hapo ndo utamu unaingia, manake mmea ukihisi baridi unakusanya sukari kwenye majani ili maji ya ndani yasigande upesi. Ndo maana spinachi ya Oktoba hailingani na ya Juni hata kidogo.

Nafasi ya pili mimi ndo naipenda kuliko zote na watu wengi waliotoka nchi za joto hawaamini mpaka waone: unapanda Septemba, kati ya tarehe 10 na 25 hivi, na huili mwaka huu. Lengo ni mche uingie kwenye baridi ukiwa na majani manne mpaka sita, mizizi imeshika, usiwe mkubwa sana. Mwisho wa Oktoba unachomeka fito zilizopinda, mabomba membamba ya plastiki yanatosha, unatandika juu kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea, kingo unazibana kwa mawe au mifuko ya mchanga kwasababu upepo wa huko hauna adabu. Ardhi ikishaganda kabisa, Desemba, unaweza kuongeza majani makavu ya ngano juu ya miche. Usiweke kabla haijaganda, utakuwa umewajengea panya nyumba ya Krismasi. Alafu theluji ikija iache ifunike, theluji ni blanketi, chini yake baridi ni ndogo kuliko juu. Cha kuhofia ni baridi kali bila theluji, na ile Machi ya kuganda na kuyeyuka kila siku ambayo inasukuma miche nje ya udongo, ukiona mzizi uko wazi ubonyeze urudi.

Kati ya mwanzo wa Novemba na mwanzo wa Februari mchana wa kwenu unakuwa chini ya masaa 10 na spinachi inasimama, haikui, haifi, imelala tu. Usiimwagilie wala kuilisha. Februari mwanga ukirudi inaanza kujikuna, Machi na Aprili inaamka kwa nguvu kwasababu mizizi ilishajengwa toka mwaka jana, na mwisho wa Aprili unakula mboga mbichi wakati jirani zako ndo wanafungua paketi za mbegu. Kuna mkulima mmoja maarufu wa hukohuko Maine, Eliot Coleman, shamba lake liko Harborside, amefanya kilimo hiki cha baridi kwa miaka mingi kwenye mabanda ya plastiki yasiyo na hita, na spinachi ni moja ya mazao yake makuu ya baridi. Mbinu yake ni tabaka mbili: plastiki ya banda juu, na ndani kitambaa chepesi karibu na mimea. Wewe kwa boksi la futi 4 kwa 8 unaweza kuiga kwa udogo, kitambaa chini na plastiki safi juu ya fito zilezile, ila plastiki ina masharti, siku ya jua hata Februari lazima ufungue ncha mbili hewa ipite la sivyo utaipika mboga yako ikiwa bado shambani.

Nafasi ya tatu ni Aprili. Hapa ndo mlipoachana, wewe ulisubiri baridi iishe kabisa, spinachi haikusubirii. Barafu ya mwisho Portland kwa kawaida ni mwanzo wa Mei, na spinachi unatakiwa kuipanda wiki nne mpaka sita kabla ya hapo, mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, ukiwa bado unavaa koti. Kipimo changu ni udongo wenyewe: shika konzi, finya, achia. Ukibaki donge la matope subiri siku chache, ukipukutika panda. Boksi linawahi kuyeyuka kuliko ardhi ya kawaida na hiyo ni faida yako. Mbegu ikikaa kwenye udongo wa nyuzi 5 inaweza kuchukua wiki tatu kuota, usiifukue kuangalia, iache. Rudia kupanda kila baada ya siku kumi mpaka mwanzo wa Mei, hapo uache. Mei mosi mchana umeshafika masaa 14, chochote utakachosia baada ya hapo kitakufanyia kama cha Juni. Hii ya Aprili unaila toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Juni, ukiona katikati ya mche panarefuka usihurumie, ng'oa yote siku hiyo upike au ugandishe, uchungu unaingia haraka sana.

Na ukishang'oa, hapohapo unaweka lengalenga yako. Yaani hizi mboga mbili hazigombanii boksi, zinapokezana. Gawa boksi nusu kwa nusu. Mwaka huu nusu yenye lengalenga iliyochoka ifyeke sasa hivi upande spinachi ya Agosti, nusu nyingine iache iendelee mpaka katikati ya Septemba, iondoe uweke ile ya kulala na baridi. Mwakani Aprili ile nusu ya Agosti itakuwa tupu, weka spinachi ya masika hapo, Juni lengalenga, na hivyohivyo.

Udongo sasa. Umesema ni wa kununua, vizuri, na ntakwambia kwanini nasema vizuri. Nyumba nyingi za Portland ni za zamani, na Marekani rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa nyumba za watu mwaka 1978 tu, kwahiyo udongo unaozunguka kuta za nyumba ya zamani mara nyingi una risasi iliyobanduka na rangi, na mboga ya majani ndo inabeba vumbi hilo mpaka kwenye sufuria, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Usiwahi kuchota udongo wa pembeni ya ukuta ukajazia boksi, na kama boksi liko karibu na ukuta lisogeze. Chuo Kikuu cha Maine pale Orono kina maabara ya kupima udongo, unaomba boksi la sampuli, unajaza udongo, unatuma na posta, wanakurudishia majibu ya rutuba na uchachu na wanaangalia na risasi. Fanya hivyo vuli hii, foleni ni fupi kuliko masika.

Kwenye hayo majibu angalia kwanza uchachu, pH. Spinachi inataka 6.5 mpaka 7, hata ikipita 7 kidogo haina shida. Udongo wa Maine kwa asili ni mchachu na hata wa mifuko unazidi kuchachuka mwaka hadi mwaka. Lengalenga inavumilia uchachu, spinachi haivumilii, kwahiyo lengalenga kustawi sio ushahidi kwamba spinachi nayo itastawi. Dalili yake ni miche inaota vizuri alafu inasimama ikiwa na majani mawili matatu, ya manjano, haiendi mbele wala nyuma hata ukiweka mbolea. Dawa ni chokaa ya kilimo, kwa kiasi watakachokuandikia, na iweke vuli kwasababu inachukua miezi kufanya kazi. Jivu la kuni nalo linasaidia, kidogo tu, na liwe la kuni safi zisizo na rangi wala dawa.

Mbolea: mboji iliyoiva, tabaka la vidole viwili juu ya boksi kabla ya kila kupanda, changanya kidogo. Spinachi ni mlafi wa naitrojeni. Lakini dada, samadi mbichi usiweke, najua kule tulikuwa tunatoa zizini tunapeleka bustanini, ila hii mboga inaliwa na majani yake yanagusa udongo na wengine wanaila mbichi, wakulima wa oganiki huku kwa sheria lazima zipite siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna mboga ya namna hiyo, na spinachi ya Agosti au ya Aprili unaanza kuichuma kabla siku hizo hazijafika.

Mistari iachane sentimita 25 au 30 hivi, mbegu kila sentimita mbili tatu. Ikiwa na majani mawili ya kweli punguzia, acha mche mmoja kila sentimita 8 mpaka 10, na ile uliyoing'oa kula, ni mboga tayari. Watu wanaona huruma kupunguzia, matokeo yake miche inabanana, inapata kiu, inatoa maua mapema na ubwiri, ugonjwa wa ukungu, unaingia. Kuhamisha miche toka kwenye kitalu inawezekana ikiwa midogo sana, ila mzizi wake mkuu haupendi kusumbuliwa, mimi nashauri upande moja kwa moja bustanini. Maji, kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa wiki ukijumlisha na mvua, mwagia asubuhi, chini kwenye udongo na sio juu ya majani.

Wadudu hawatakuwa wengi Agosti na Septemba kuliko masika. Adui mkubwa ni kidomozi, inzi mdogo anayetaga vijiyai vyeupe vimepangwa chini ya jani, funza akitoka anaingia katikati ya jani na kulila ndani kwa ndani, unaona njia za rangi ya majivu zinapanuka kuwa madoa. Dawa ya kupuliza haimfikii vizuri akishaingia ndani, na mboga ya kula wiki ijayo unapuliza ya nini. Geuza majani kila unapochuma, mayai yafute kwa kidole, jani lenye njia litoe ulitupe kwenye takataka na sio kwenye mboji. Kitambaa cheupe kikifunikwa siku ileile ya kupanda kinamzuia asitage, lakini angalizo moja ambalo watu hawaambiwi: huyu mdudu analala kwenye udongo wakati wa baridi, ukifunika sehemu ambayo mwaka jana alikuwepo unamfungia ndani na chakula chake. Ndo maana nikasema ugawe boksi, nusu iliyoathirika masika inayofuata usiweke spinachi wala chard. Ubwiri vinyoya nao upo, madoa ya manjano juu ya jani na chini ukungu wa kijivu wenye uzambarau, huo unapenda unyevu na baridi, nafasi kati ya miche na kumwagilia asubuhi vinasaidia kuliko kingine, na ukinunua mbegu tafuta paketi iliyoandikwa inahimili ugonjwa huo. Sungura na yule graundihogi, mnyama wa huko anayechimba mashimo na kula mboga, wala usijadiliane nao, weka wavu.

Kuchuma, anza majani yakiwa urefu wa kidole, toa ya nje uache manne matano ya katikati, mche unaendelea. Usitegemee boksi moja kulisha nyumba kila siku, spinachi ikiingia motoni inanywea sana, sufuria iliyojaa inabaki bakuli. Usiichemshe muda mrefu kama tunavyofanya kwa lengalenga, dakika mbili tatu inatosha, mawese kidogo ya Kigoma na kitunguu, basi. Ikizidi, ichovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, itupie kwenye maji ya barafu, kamua, gandisha. Na kama nyumbani kuna mtu anatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, spinachi ina vitamini K nyingi sana inayopingana na hiyo dawa, sio kwamba asile, ila asiwe wiki hii anakula kila siku na wiki ijayo hali kabisa, na daktari wake ajue.

Kama kuna mbegu zilizobaki baada ya Julai usizitegemee, mbegu ya spinachi inazeeka haraka, nunua mpya kila mwaka na angalia mwaka uliogongwa kwenye paketi. Kwa Agosti na Septemba tafuta Winter Bloomsdale au Giant Winter, kwa Aprili tafuta Bloomsdale Long Standing au Space ambazo zinachelewa kutoa maua. Bloomsdale zina jani lenye mikunjo linaloshika mchanga mvua ikinyesha, utaosha maji matatu, Space jani lake ni laini. Maine mna bahati, kampuni mbili za mbegu ziko jimboni kwenu, Johnny's pale Winslow na Fedco pale Clinton, na wote wanauza mbegu zilizozoea baridi hiyo. Na kama familia inapokea msaada wa chakula wa SNAP, sheria inaruhusu kununua mbegu na miche ya chakula kwa kadi ileile ya EBT kwenye duka linalopokea kadi hiyo, watu wengi hawajui na keshia mwingine naye hajui, mwambie tu kwa upole aiskani paketi aone. Wahi wiki hii, manake madukani kufika katikati ya Agosti wanaanza kuondoa mbegu wanaweka madaftari ya shule, ukikosa agiza kwa posta leo na hizo siku za kusubiri tumia kufyeka ile nusu ya boksi.